Mimea ya asili ya kudumu kwa kitalu chenye jua kali: kumi na tano nimepanda, tisa zimekufa

#1 Udongo_Mkavu
Habari za wakati huu wakuu. Nina kitalu cha maua kando ya ukuta, urefu mita 6, upana mita 1 na nusu. Jua linakipiga kuanzia saa nne asubuhi mpaka linapozama. Kila niliyemuuliza aliniambia panda mimea ya asili, ile ya kudumu, haitaki maji wala mbolea, ukishaifukia umemaliza kazi. Nikaamini. Nikapanda 15: mishubiri (aloe) minne, gladiola za porini tano, leonotisi tatu (ule mmea wa maua ya mrija) na mafungu matatu ya nyasi za themeda.

Mvua zilipokatika nikawa namwagilia jioni, si sana, nusu keni kwa kitalu kizima kila siku. Miezi mitano baadaye tisa zimekufa. Mishubiri mitatu imelainika shinani ikalala yenyewe. Gladiola zote tano majani yamekauka mpaka ardhini. Leonotisi moja imebaki kijiti. Waliosalimika ni mshubiri mmoja, leonotisi mbili na nyasi zote.

Nipande nini badala yake? Na hili la kwamba mmea wa asili haufi kwa ukame ni kweli, au ni maneno ya wauza miche?

#2 Mpitanjia
Nimeshavuta kigoda. Wajuzi waje.

#3 MamaMiche
Mwanangu, jibu umeliandika mwenyewe: "kila siku". Mshubiri una tangi lake ndani ya jani. Mchana unafunga vitundu vyake vya kupumulia, unavifungua usiku hewa ikipoa, kwa hiyo haupotezi maji ovyo kama mchicha. Mmea wa tabia hiyo ukiulowesha kila jioni mizizi inakosa hewa, inaoza, na uozo unapanda mpaka shinani. Kulainika ukaanguka ndiyo dalili yenyewe. Ungekufa kwa kiu ungesinyaa, majani yangejikunja kama mfereji na kuwa mekundu kwanza.

Hao watatu uliwazamisha.

#4 kiangazi_tupu
MamaMiche kwa mshubiri nakubali, ila usimtishe akaacha kumwagilia kabisa. Leonotisi ni habari nyingine. Mche uliotoka kwenye kiriba una mizizi ya ukubwa wa kikombe. Hata kama mama yake porini anavumilia miezi sita bila tone, yeye bado ni mtoto. Msimu wa kwanza lazima umpe maji.

Kosa la jamaa ni namna alivyomwagilia. Nusu keni kwa mita 9 za mraba ni kulowesha vumbi tu. Maji yanaishia sentimita mbili tatu za juu, mizizi nayo inabaki hukohuko juu kuyafuata, siku ukisahau jua linaikaanga. Mwaga ndoo nzima kwenye shina moja, mara moja kwa wiki au siku kumi, kisha acha. Mizizi itashuka yenyewe kutafuta.

#5 MamaMiche
Sasa nusu keni ni maji mengi au machache? Mimi nasema amezamisha, wewe unasema amekausha 😀

#6 kiangazi_tupu
Vyote viwili bibi. Mengi kwa mshubiri, machache kwa leonotisi. Kitalu kimoja, mateja wawili tofauti.

#7 Mpitanjia
Nadhani ulitaka kusema wateja mkuu.

#8 kiangazi_tupu
Simu hii 🙈 Wateja.

#9 SururuMoja
Kabla hatujaendelea: udongo wa aina gani? Na uliweka nini chini wakati wa kupanda? Hayo mawili yana uzito kuliko majina ya mimea yote tutakayotaja hapa.

#10 Udongo_Mkavu
Shukrani kwa majibu. Udongo ni mfinyanzi, kiangazi unapasuka nyufa kidole kinaingia, mvua ikinyesha unanata kwenye kiatu. Niliweka ndoo nne za samadi nikachanganya, nikajua nawafanyia wema.

#11 SururuMoja
Nilijua tu kuna ndoo mahali.

Sikiliza ndugu. Mimea mingi ya nchi kavu imezoea udongo maskini. Ukiilisha samadi inakua haraka, mirefu, milaini, majani mapana, halafu jua likichachamaa haina mizizi ya kubeba mwili ule. Inalala, inapukutika, vidukari wanaijaa. Na mfinyanzi ukiupa samadi unashika maji zaidi. Kwa hiyo umechukua udongo unaotuamisha maji ukauongezea sponji.

Fanya jaribio dogo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30. Lijaze maji, yaache yazame yote, lijaze tena, halafu weka rula. Yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu kwa saa, hapo maji yanatuama, na mmea wowote unaochukia miguu yenye maji utakufa, uwe wa asili au wa mwezini.

#12 Nyuki_Mkali
Jamani tumerukia maji wakati swali lake la pili ndilo zito. "Mmea wa asili" maana yake nini? Watu wanadhani chochote kinachoota bila kupaliliwa ni cha asili. Mfano mkonge. Waulize watu kumi, tisa watakwambia ni wa hapahapa tangu enzi za mababu.

#13 Babu_Kokoto
Kwani si wetu? Nimezaliwa nimeukuta.

#14 Nyuki_Mkali
Mzee, shikamoo. Asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuingiza Afrika Mashariki mwaka 1893, miche ikitokea Florida. Bugenvilia nayo imetoka Amerika Kusini. Mpungate, Amerika. Lantana, Amerika, na hiyo imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Zote hizi zinavumilia jua na ukame vizuri sana. Kwa hiyo "inavumilia ukame" na "ni ya asili" ni vitu viwili, wauza miche wanavichanganya kwa makusudi.

#15 Babu_Kokoto
Marahaba. Basi nimeishi na wageni maisha yangu yote bila kujua.

#16 Jani_Refu
Nyuki umesema vema lakini umeacha sehemu. Hata ukithibitisha mmea ni wa asili ya nchi nzima, bado hujamaliza. Nchi ina mito, milima, mabonde na majangwa. Pentasi ni ya asili ya Afrika Mashariki, inachanua vizuri kwenye jua, vipepeo wanaifuata, lakini ukiiweka kando ya ukuta unaopokea jua la saa tisa bila unyevu itakuonyesha majani yaliyojikunja. Swali la kuuliza ni: porini inaota wapi hasa? Kwenye mwamba? Kando ya kijito? Chini ya mti? Ukute mmea unaoota juu ya mawe, huo ndio wa kitalu chako.

#17 Theluji
Naingilia kidogo, mimi naishi kwenye baridi kali, miezi mitatu ardhi imeganda. Orodha yangu haifanani hata kidogo na yenu lakini kanuni ni ileile. Huku Amerika Kaskazini watu wanapanda ekinasia, rudbekia, liatri, na asklepia ya maua ya chungwa. Hiyo ya mwisho ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja kama karoti. Ukishaipanda usiihamishe tena, ukikata ule mzizi umeiua. Na majani yake na ya ndugu zake ndiyo chakula pekee cha viwavi wa kipepeo monaki. Ekinasia hawaigusi.

Kuna mtafiti wa Nebraska, John Weaver, alichimba mitaro mirefu pembeni ya mimea ya mbugani ili aone mizizi inafika wapi, akaandika matokeo mwaka 1919. Mingi ilikuwa imeshuka zaidi ya mita 2. Juu unaona kimmea cha kufika gotini, chini kuna kamba ya kisima.

Ila mizizi hiyo haipatikani kwa miezi mitano. Mwaka wa kwanza mmea unaonekana umedumaa kwa sababu kazi yote inafanyika chini. Watu wengi wanaung'oa hapo.

#18 Udongo_Mkavu
Theluji hapo umenigusa. Nakiri leonotisi ile iliyokauka nilishaing'oa.

#19 Theluji
😬

#20 Mchimba_Viazi
Mimi hoja yangu ni gladiola. Mnajadili vifo tisa, nani kawathibitisha hao tano kwamba wamekufa? Gladiola ina tunguu chini. Kiangazi kikiingia majani yanakauka yote, tunguu linalala, mvua zikirudi linachipua. Ndiyo tabia yake. Ua la gloriosa nalo hivyohivyo. Hebu fukua moja, taratibu, kwa mkono.

#21 MamaMiche
Lo! Hapo umenipiga chenga. Sikufikiria kabisa.

#22 Udongo_Mkavu
Nimefukua mbili sasa hivi kwa kutumia kijiko. Ya kwanza: tunguu lipo, gumu, zito, limevaa maganda kama kitunguu. Ya pili: maganda matupu. Ndani hamna kitu.

#23 Mpitanjia
Marehemu amefufuka 😂😂 Uzi ubadilishwe kichwa: zimekufa nne.

#24 Mchimba_Viazi
Tano. Hilo ganda tupu ni kazi ya fuko. Fuko anapita chini kwa chini anakula matunguu, hakuachii hata shukrani. Angalia kama kuna vichuguu vidogo vya udongo mpya karibu.

#25 SururuMoja
Au limeoza. Jamaa alikuwa anamwagilia kila siku wakati tunguu limeshalala. Tunguu lililolala halinywi maji, likilowa kwenye samadi linageuka uji, uji ukikauka unabaki na maganda.

#26 Mchimba_Viazi
Sasa mbona la kwanza halikuoza? Yako kitalu kimoja, keni moja.

#27 SururuMoja
Umbali na ukuta pengine. Au lilipandwa juu zaidi. Udongo_Mkavu, kuna vichuguu?

#28 Udongo_Mkavu
Kuna kichuguu kimoja lakini kama mita 3 kutoka hapo. Na kuna mchwa. Sijui kama mchwa anahusika.

#29 Mpitanjia
Washukiwa wanaongezeka.

#30 dada_Shina
Nimesoma uzi wote, jambo moja halijasemwa. Uliifukia mishubiri mpaka wapi? Watu wengi wanauzika hadi majani ya chini yanaingia udongoni ili usiyumbe. Jani la mshubiri likigusa udongo wenye unyevu linaoza, na uozo unaingia kwenye shingo. Shingo lazima ikae juu ya udongo, hata sentimita moja ikiwezekana. Mimi niliwapoteza wawili kwa namna hiyo na sikuwa namwagilia hata kidogo, ilikuwa mvua tu.

#31 Udongo_Mkavu
Dada, nilifukia kidogo kweli. Na nikaweka matandazo ya majani makavu kuzunguka shina ili udongo usikauke.

#32 dada_Shina
Basi na hiyo iandike kwenye hati ya mashtaka.

#33 Babu_Kokoto
Jina langu linatosha kuwaambia nitasema nini. Toa hayo majani makavu, weka kokoto. Unene wa sentimita tano hivi. Kokoto zinaacha shingo ya mmea iwe kavu, maji yanapita chini, jua haliufikii udongo, na mchwa hana cha kula. Majani makavu kwenye kitalu cha mimea ya ukame ni kumvika mtu koti la sufu jangwani.

Na hoja ya asili isiwasumbue kichwa. Kuna mama Mwingereza, Beth Chatto, mwaka 1991 alianza kugeuza uwanja wake wa zamani wa kuegesha magari kule Essex kuwa bustani ya kokoto, sehemu yenye mvua chache kwa kiwango cha Uingereza, akaamua haimwagilii hata kiangazi. Mimea mingi aliyotumia imetoka nchi za Bahari ya Kati, si ya Uingereza. Ilistawi kwa sababu aliipeleka mahali panapofanana na kwao. Chagua mmea unaolingana na mahali, pasipoti yake usiiangalie.

#34 Nyuki_Mkali
Babu hapo tutagombana kwa heshima. Pasipoti inaangaliwa na wadudu. Kiwavi amezoea majani ya mmea fulani kwa maelfu ya miaka, ukimletea mgeni hali. Theluji ametuambia habari ya monaki na asklepia, ule ndio mfano hai. Bustani ya wageni watupu inaweza kuwa na maua mengi na nyuki wa asali wanaokula popote, lakini ukitafuta viwavi hupati, na ndege wengi wanalisha makinda yao viwavi. Mshubiri na leonotisi zina maua ya mrija kwa sababu ya ndege aitwaye chozi, mdomo wake unaingia mule sawasawa.

#35 Babu_Kokoto
Chozi kwangu anakuja kwenye maua ya kila namna, ya wageni na ya wenyeji. Hajawahi kudai kitambulisho.

#36 Nyuki_Mkali
Anakuja kunywa, babu. Anakolisha watoto wake ni kwingine.

#37 Jani_Refu
Na mkinunua, angalieni ua lenyewe. Yale yaliyozalishwa yakawa na petali nyingi zilizojaa kama kabichi mara nyingi hayana chavua, au nyuki hawezi kuyafikia maana stameni, zile nyuzi zinazotoa chavua, zimegeuzwa petali. Mmea umeandikwa "wa asili" kwenye kibao lakini kwa mdudu ni ua la plastiki.

#38 kokoto_hapana
Nimejisajili leo kwa ajili ya #33 tu. Kokoto kando ya ukuta unaopigwa na jua la mchana? Ukuta unatema joto, kokoto zinatema joto, mmea unaiva kama mkate. Na baada ya miaka miwili vumbi linajaa katikati ya mawe, magugu yanaota humo, kuyang'oa ni adhabu. Mimi nilizitoa zote kwa koleo, mgongo haujasahau.

#39 Babu_Kokoto
Karibu jukwaani. Jina lako limenijeruhi.

#40 dada_Shina
😂😂😂

#41 Msonga_Mbele
Hoja ya ukuta ya #38 isipuuzwe. Mishubiri mitatu iliyokufa ilikuwa karibu na ukuta au mbali? Miche ya kwa wauzaji inalelewa chini ya neti ya kivuli. Ukiitoa kivulini ukaipeleka moja kwa moja kwenye jua la ukutani inaungua, jani lililoungua linafungua mlango wa ugonjwa. Inatakiwa uizoeshe wiki mbili tatu, saa chache za jua kwanza. Huenda maji yalimalizia tu kazi iliyoanzwa na jua.

#42 Udongo_Mkavu
Miwili karibu na ukuta, mmoja katikati. Uliosalimika uko mwisho kabisa wa kitalu, penye mawe, udongo umeinuka kidogo pale.

#43 SururuMoja
Umeinuka! Penye mawe! Mnahitaji ushahidi gani tena? Pale maji yanakimbia, hayatuami. Kesi imekwisha.

#44 Msonga_Mbele
Haijaisha. Pale pia ni mbali na ukuta. Utatenganishaje?

#45 MamaMiche
Na keni ikifika mwisho wa kitalu inakuwa imeshaisha maji. Mimi nabaki palepale.

#46 Udongo_Mkavu
Nimefanya lile jaribio la shimo la #11. Nimejaza mara ya pili saa kumi na mbili jioni. Asubuhi nimekuta maji bado yapo, vyura hawakuchelewa.

#47 SururuMoja
Nilisema. Sasa usihangaike kutafuta mmea, hangaika na udongo kwanza.

#48 fundi_mchanga
Rahisi sana, changanya mchanga kwenye huo mfinyanzi, utalegea.

#49 SururuMoja
Hapana hapana hapana. Mfinyanzi ukiuwekea mchanga kidogo unapata tofali. Ili mchanga ubadilishe tabia ya mfinyanzi inabidi uwe mwingi kuliko mfinyanzi wenyewe. Inua tuta: sentimita 30 hadi 40 juu ya usawa wa ardhi, chini mawe na vifusi vilivyovunjwa, juu udongo wa kichanga uliotoka kwingine. Mmea ukae kilimani.

#50 fundi_mchanga
Mimi nimefanya na haikuwa tofali. Nusu kwa nusu, nikachanganya na mboji kidogo. Leo mwaka wa nne.

#51 SururuMoja
Mchanga mnene wa mto au ule laini wa kupigia lipu?

#52 fundi_mchanga
Mnene wenye changarawe.

#53 SururuMoja
Basi uliweka changarawe mkuu, na uliweka nusu nzima. Mwenzako akisoma "changanya mchanga" ataweka ndoo mbili za ule laini na kurudi hapa analia.

#54 kiangazi_tupu
Kuinua tuta mbele ya ukuta wa nyumba angalieni unyevu usipande ukutani. Acheni nafasi. Halafu tuta lililoinuka linakauka haraka mara mbili, kwa hiyo themeda zake zinazostawi sasa hivi atazipa shida. Nyasi zile zimempenda hivyohivyo na mfinyanzi wake. Kwa nini asiache sehemu ya chini kwa nyasi na leonotisi, akainua kona moja tu kwa mishubiri?

#55 Jani_Refu
Hili ndilo jibu bora kwenye uzi mpaka sasa. Kitalu kimoja si lazima kiwe na tabia moja. Kavu kabisa juu: mishubiri, kalankoe, mkonge pori ule wa majani ya mistari, adeniamu ukipenda maua ya waridi kwenye shina nene. Mteremko: leonotisi, na gladiola ambazo zitalala salama kiangazi. Chini kwenye mfinyanzi: themeda. Panda mvua zinapoanza, si zinapoisha, mbingu ikusaidie kazi ya miezi ya kwanza.

#56 Nyuki_Mkali
Angalizo la usalama. Utomvu wa adeniamu ni sumu, wawindaji walipakaa mishale. Gloriosa iliyotajwa na #20 ina sumu iitwayo kolchisini, tunguu lake linaua mtu. Mnyaa nao ukikata tawi utomvu ukaingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda. Mwenye watoto wadogo achague mengine.

#57 mtaalamu_majina
Rekebisho dogo: mkonge pori siku hizi wanasayansi wameuhamishia kwenye jenasi ya Dracaena. Jina la Sansevieria wameliacha baada ya uchunguzi wa vinasaba.

#58 Mpitanjia
Na wenyewe umeambiwa? 😀

#59 mtaalamu_majina
Na kingine, hiki ni muhimu. Leonotisi siyo moja. Ile iitwayo Leonotis nepetifolia ni ya msimu, inachanua, inatoa mbegu, inakufa, haina hatia. Leonotis leonurus na ocymifolia ndizo za kudumu. Mleta uzi aliuliza mimea ya kudumu. Iliyokufa ilikuwa na majani ya namna gani?

#60 Udongo_Mkavu
Kwa kumbukumbu yangu yalikuwa mapana kuliko ya hizi mbili. Hizi zina majani membamba marefu.

#61 mtaalamu_majina
Basi alikuuzia mchanganyiko. Ile ilikufa kwa uzee, wala si kwa ukame.

#62 kiangazi_tupu
Polepole. Kumbukumbu ya mmea ulioshang'olewa si ushahidi. Uliopata samadi nyingi pia unakuwa na majani mapana, #11 kasema.

#63 Mchimba_Viazi
Swali la pembeni: hivi mnanunua au mnachimba porini? Maana nimeona watu wanajaza buti la gari.

#64 Nyuki_Mkali
Asichimbe mtu porini. Mishubiri inaota taratibu, ukichukua mkubwa mmoja umechukua miaka mingi. Jamii yote imo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, isipokuwa Aloe vera peke yake. Tena wa porini aliyekatwa mizizi ndiye anayekufa haraka kitaluni. Chukua mbegu chache, au omba kichipukizi cha pembeni kwa jirani.

#65 dada_Shina
Kichipukizi ukikipata kiache kivulini siku nne tano kidonda kikauke ndipo upande. Usikipande kibichi.

#66 hofu_kubwa
Hizo nyasi za kufika kiunoni zinaleta nyoka. Mmesahau hilo.

#67 Babu_Kokoto
Nyoka anafuata panya. Panya anafuata makombo. Ondoa makombo.

#68 hofu_kubwa
Na mawe yako anayapenda pia babu.

#69 Mpitanjia
Uzi kurasa nne hamna picha hata moja. Mleta uzi tuonyeshe huo mshubiri shujaa uliosalimika penye mawe.

#70 Udongo_Mkavu
Haya, hii hapa. [picha] Nimepiga asubuhi. Umependeza eeh?

#71 mtaalamu_majina
Ndugu yangu. Huo si mshubiri.

#72 Udongo_Mkavu
Unasemaje?

#73 mtaalamu_majina
Angalia ncha ya jani, kuna mwiba mmoja mweusi mgumu kama sindano ya gunia. Hiyo ni agave. Ndugu wa mkonge. Mexico tena.

#74 Nyuki_Mkali
Nacheka na kulia kwa pamoja. Uzi mzima wa mimea ya asili, aliyebaki kwenye ile kona ni mgeni.

#75 SururuMoja
Subirini. Picha imepigwa kwa karibu. Kuna mishubiri yenye ncha kali pia, na hiyo rangi ya kijivujivu sioni kama ni ya agave. Njia ya uhakika ni kuvunja jani moja. Likiwa na nyuzi zinazovutika ni agave, likiwa na utelezi mzito ni mshubiri.

#76 MamaMiche
Au asubiri uchanue. Agave ikichanua mara moja shina lile linakufa. Mshubiri unachanua kila mwaka na maisha yanaendelea.

#77 Mpitanjia
Vunja jani mkuu, tunasubiri.

#78 Udongo_Mkavu
Sivunji. Una majani tisa tu, na ndio pekee niliobakiwa nao kwenye ile kona.